Jirani wa Ghorofa ya Juu

Jirani yetu wa juu, hapa Whitehall ughaibuni, ametoka Taiwani. Kazi yake ni kutunza wazee, na mikono yake haitulii: akija kuongea, anakukunjia nguo za watoto, anakumenyea vitunguu. Sauti yake ni ndogo, lazima umsogelee. Alipokuwa mwanafunzi, yeye na wenzake waliingia bungeni kwao wakakaa, wakalala humo, mpaka wakubwa wakawasikiliza. Anavyosimulia, utadhani anasimulia harusi.

Januari hii mwenye nyumba alituacha kwenye baridi, hita zote zimekufa. Jirani akapita mlango kwa mlango: kesho twende tukakae ofisini kwake. Mama Kavugho, jirani mwingine anayechanganya Kifaransa, alikataa. “Kwetu Kongo ukiandamana, donc, wanakupiga risasi.” Nikamtafsiria jirani. “Mwambie hata sisi tuliogopa,” alinijibu. “Ndiyo maana tulikaa tumeshikana mikono.”

Kesho yake tukaenda wote, hata Mama Kavugho, na blanketi, watoto na maandazi, tukajaa sakafuni. Polisi walipoingia, Mama Kavugho akataka kukimbia. Jirani akamshika mkono. Kisha jirani akapaza ile sauti yake ndogo, ikatoka kubwa, sijawahi kuisikia hivyo: “Tunataka joto! Watoto wanaumwa!” Polisi wakawatazama watoto, kisha wakamgeukia mwenye nyumba. Mafundi wa hita walifika mchana ule ule.

Nje, kwenye theluji, wamama walipiga vigelegele. Mama Kavugho alimvuta jirani katikati, akamchezesha mpaka kofia ikamdondoka.

“Bon,” akasema akihema, “kesho tunaenda kukaa wapi tena?”