Wachache Nyumbani Kwangu

Nilistaafu ualimu wa shule ya msingi nikidhani nimemalizana na chaki. Kumbe wapi! Kifungua mimba wangu, kabla hajaenda Qatar, aliniwekea kompyuta mezani hapa Nakuru na kunitafutia mwanafunzi: mama wa Kichina, mstaafu kama mimi, ambaye mjukuu wake wa ng'ambo anajua Kiingereza tu. Kila siku saa nane mchana tunaonana kwenye skrini. Siku nyingi huyo ndiye mtu pekee ninayezungumza naye mpaka jua litue.

Kilichomsumbua ni vipimo visivyo vipimo. "A pinch" nilimwonyesha kwa chumvi, "a handful" kwa sukuma wiki iliyokatwakatwa, akacheka. Lakini "a few", yaani wachache, ilimnyima raha. Ni watatu? Wanne? Saba je? Alikuwa karani wa bohari maisha yake yote, na kwake kitu kisicho na idadi kimeibiwa.

Nami ni mtu wa Dundori. Kwetu watoto hawahesabiwi, wala ng'ombe. Daktari wa mifugo alipomuuliza nyanya yangu ana ng'ombe wangapi, alijibiwa, "Wako tu." Alipoanza kuwanyooshea kidole mmoja mmoja, nyanya akamfukuza na sindano zake. Ukihesabu, alituambia, unakionyesha kifo pa kuanzia.

Kwa hiyo mwanafunzi wangu aliponiuliza, siku ya kwanza kabisa, kwangu tunaishi watu wangapi, jibu lilinitoka lenyewe: "A few." Ningeweza kusingizia mila. Ukweli ni kwamba niliona aibu. Mume wangu nilishamzika, watoto wametawanyika, na bado nasonga ugali wa sufuria kubwa kwa sababu mkono wangu haujui kupima unga wa mtu mmoja. Unaobaki huliwa na kuku wa jirani.

Uongo huo niliulinda kwa miezi. Nilikaa nimeegemea ukuta ili nyumba isionekane. Wakati mwingine nilipaza sauti, "Zima jiko, wewe!" na jikoni hakuna hata paka.

Juma lililopita nilimpa kazi ya kutunga sentensi tano zenye "a few". Nne zilihusu mboga na mvua. Ya tano aliisoma polepole, bila kuniangalia: nyumbani kwa mwalimu wangu kuna watu wachache, na sijawahi kusikia hata mmoja akijibu.

Nilitafuta kosa. Nilitafuta kweli, kwa hasira ya mwalimu aliyeshikwa. Sentensi ilikuwa safi.

Nilitaka kumuuliza nani kamtuma kuchungulia nyumba za watu. Lakini nilikuwa nimechoka, nimechoka sana na hao wachache wangu. Nikainua kompyuta, nikaizungusha sebule nzima: makochi na vitambaa vyake, picha ya marehemu, mlango wa jikoni ukiwa wazi. Mwisho nikajielekezea mwenyewe.

Akaninyooshea kidole kwenye skrini, kama yule daktari wa mifugo. "One," akasema kwa sauti ya chini.

Nyanya angemfukuza. Mimi nikamwambia amepata, kisha nikamwomba asikate simu, ingawa muda wetu ulikuwa umekwisha.