Picha Ambayo Mama Alitaka Niifute

Mwezi uliopita nilikuwa nyumbani kwa mama, Moshono, nikimenya ndizi jikoni, niliposikia kutoka chumbani sauti ambayo sikuwa nimeisikia kwa zaidi ya miaka kumi. Ulianza mlio mwembamba wa kengele ndogo, ukafuata mngurumo mfupi kama wa nyuki aliyenaswa kwenye kopo. Niliweka kisu chini, nikaenda kuangalia. Mwanangu wa miaka sita alikuwa amepekua kabati la bibi yake, akachomoa betri kwenye rimoti ya televisheni na kuzitia kwenye kamera yangu ya zamani. Lenzi ilikuwa inajisukuma nje taratibu, inalalamika vilevile kama zamani.

Nilipoishika iliniachia vidoleni harufu ya betri kuukuu, ile inayofanana na harufu ya sarafu iliyolowa, nikajikuta nimerudi darasa la sita.

Kamera ile alinipa shangazi Aichi, dada yake baba, aliyekuwa akifanya kazi mapokezi katika hoteli moja mjini. Alikuwa ameinunua kwa bei ndogo, akaitumia mwaka mmoja, kisha akapata simu inayopiga picha na hakuiangalia tena. Ilikuwa ya rangi ya fedha, ndogo kuliko kipande cha sabuni ya kufulia, na kioo chake cha nyuma kingeweza kufunikwa na kiberiti. Kwenye boksi palikuwa na picha ya mtoto wa Kizungu akimpiga picha mbwa, pamoja na maneno ya Kiingereza ambayo baba alinieleza kuwa yanasema hii ni kamera ya wanaoanza.

"Basi ni yako," baba alisema. "Wewe hujaanza chochote bado."

Baba ni Mchaga wa Machame, na siku hizo alikuwa akiuza vipuri vya pikipiki eneo la Kwa Mrombo. Aliamini kwamba mashine yoyote lazima isomwe kwanza ndipo iguswe. Alikaa na kile kijitabu cha maelezo dukani siku tatu, miwani puani, na alichotuletea nyumbani ni sentensi moja tu: "Ukibonyeza, tulia. Mashine inafikiri."

Na kweli ilikuwa inafikiri. Ulibonyeza kitufe, kamera ikanyamaza, ukahesabu moja, mbili, ndipo ikapiga. Kuku niliowalenga walikuwa wameshaondoka, nikabaki na picha nyingi za vumbi walilolitimua. Watu wazima nao, ambao zamani hizo walisimama mbele ya kamera kama wanaosikiliza hukumu, walidhani imekwisha, wakaanza kulegea na kujikuna, na hapo ndipo kamera iliwanasa. Jirani yetu alivaa koti la harusi yake na kusimama dakika tano kando ya ng'ombe wake, na katika picha anaonekana akipiga chafya.

Zaidi ya hayo ilikuwa inakula betri kama mchwa. Siku moja nilichukua ya saa ya ukutani, nikasahau kuirudisha. Jumapili iliyofuata tulijiandaa bila haraka, tukanywa chai, tukafika kanisani na kukuta watu wako nje wanapeana mikono. Mama hakunigombeza. Alinitazama tu njia nzima ya kurudi, na mimi nikaona ni afadhali angenigombeza.

Mama alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Alikuwa mchangamfu, mwenye maneno ya kuchekesha, lakini yeye mwenyewe hakucheka bila kuziba mdomo. Alichokuwa nacho mkononi ndicho alichotumia: kiganja, ncha ya kitenge, daftari la mwanafunzi, na siku moja ungo wenye mchele. Katika picha zote alizowahi kupigwa, midomo imefungwa na kidevu kimeinuka. Mimi nilidhani ni adabu aliyofundishwa chuoni. Nikaona ni jambo la kike na la heshima, nikaanza kumwiga, mpaka mwalimu wetu wa hisabati akaniuliza kama jino linaniuma.

Kwao mama ni Oldonyosambu, magharibi ya mlima Meru, kwenye ardhi ya vumbi na upepo. Mama yake, ambaye sisi wajukuu tulimwita Koko kama wanavyosema huko, alikuwa bado anafuga na kulima. Koko hakuwa na picha hata moja isipokuwa ile ya kadi ya kupigia kura, ambamo anaonekana kama mtu aliyekamatwa. Mwaka ule, siku chache kabla ya Krismasi, mama aliniita na kunipa kazi. Alitaka picha ya Koko akiwa na binti zake wote wanne. Watakuwa wote nyumbani sikukuu hiyo, jambo ambalo halikuwa limetokea kwa miaka mingi, na Koko alikuwa anazeeka. Alininunulia betri mpya mbili. Nilizifunga kwenye leso, na wiki nzima nilitembea kama mtu aliyekabidhiwa ufunguo wa benki.

Msinicheke nikiwaambia nilizifanyia nini. Baba alikuwa ameazima pikapu, na njia nzima nilipiga picha. Nilipiga punda waliobeba madumu, mlima wenye wingu shingoni, na kaka yangu Elibariki amelala mdomo wazi. Nilimpiga Elibariki mara tisa.

Tulipofika tuliinamisha vichwa, Koko akatugusa utosini mmoja mmoja, tukapewa loshoro, mahindi yaliyochemshwa na kuchanganywa na maziwa mgando. Nyama ilikuwa inachomwa nyuma ya nyumba. Baada ya kula, benchi liliwekwa mbele ya ukuta, Koko akaketi katikati na shanga zake zote, na binti zake wakajipanga wawili huku na wawili huku. Wote watano walifunga midomo kwa pamoja, kama walioambiwa na kiongozi wa kwaya. Nilibonyeza.

Kamera ikaanza kufikiri. Wakati huohuo mbuzi mmoja, aliyekuwa ametokea nyuma ya benchi bila mtu kumwona, alikuwa ameshatafuna pindo la gauni la kanisani la mama mkubwa. Mama mkubwa aliinuka, gauni halikuinuka naye. Koko aligeuka kuangalia, na aliyeanza kucheka ni yeye. Kamera ikapiga.

Kabla sijabonyeza tena, kioo kilizima. Nilizichomoa betri, nikazisugua, nikazianika juani, nikaziweka kwapani kama nilivyowahi kuona mtu akifanya. Zilirudi na uhai wa kutosha kuonyesha picha ile mara moja tu. Walikuwa wote watano wanacheka vinywa wazi, vichwa nyuma, na hakuna mkono ulioziba chochote. Mama alikuja kuangalia akiwa bado anafuta machozi ya kicheko. Kicheko kikamwisha usoni.

"Hiyo uifute," alisema kwa sauti ya chini. "Tukifika nyumbani, uifute."

Nikaitikia. Kisha kamera ikafa kabisa, na hapakuwa na duka la karibu.

Tuliporudi Moshono nilisema sina betri. Ilikuwa kweli siku ya kwanza. Siku ya pili Elibariki alinipa za redio yake, nikazificha chini ya godoro. Sikuwa mtoto mkaidi, na kumdanganya mama kulininyima raha ya chakula, lakini kila nilipofikiria kubonyeza kile kitufe cha kufuta nilikumbuka kwamba Koko hana nyingine. Nikaendelea kusema kesho.

Baba ndiye aliyemaliza mambo bila kujua. Alikuwa na safari ya mjini, akachukua kadi ya kamera na kupitia studio kusafisha picha zote. Jioni alirudi na bahasha nene na kuiweka mbele ya mama, aliyekuwa akisahihisha madaftari mezani. Ile ya benchi alikuwa ameitanguliza juu, kwa sababu, alisema, ndiyo nzuri kuliko zote. Kisha akaenda kuoga.

Mama aliichukua, akanigeukia.

"Nembris, nilikwambia ufanye nini?"

"Niifute."

"Sasa?"

"Koko hana nyingine, mama."

Aliigeuza picha kuelekea kwangu, akaniuliza naona nini. Nilisema nawaona wanacheka. Akasema niangalie vizuri. Niliangalia, na kwa mara ya kwanza niliona alichokuwa anakiona yeye. Meno yao wote watano yalikuwa ya kahawia, mengine yana madoa meusi, kama vikombe vilivyolala na chai. Kwetu si jambo geni. Maji ya sehemu nyingi kuzunguka Meru yana madini yanayogeuza rangi ya meno ya mtoto, na huko alikokulia mama ni mengi zaidi. Mswaki hauyaondoi. Nilikuwa nimeishi naye miaka yote hiyo bila kuyatia akilini, kama ambavyo hutii akilini rangi ya mlango wa kwenu.

Ndipo akanisimulia kwamba alipokwenda chuo cha ualimu, mkoa wa mbali, wenzake bwenini walimuuliza kama kwao watu hawapigi mswaki. Mmoja alimletea dawa ya meno, kwa wema kabisa, na hiyo ndiyo iliyomuumiza zaidi. Tangu siku hiyo alijifunza kucheka kwa siri.

"Lakini wewe," aliendelea, "siku hizi nakuona unaziba mdomo. Unaziba nini?"

"Nakuiga wewe."

Aliweka kalamu chini. Nilidhani nimekosea tena, nikaanza kuomba radhi, lakini alinivuta, akanishika kidevu na kuyatazama meno yangu kama anayesoma barua. Kisha akaniambia nikalale.

Jumamosi tulikwenda Oldonyosambu mimi na yeye tu. Koko aliishika picha kwa mikono miwili, akaisogeza karibu na macho, akapitisha kidole kwenye uso mmoja baada ya mwingine huku akitaja majina. Mwishoni alisema jambo kwa lugha yao, refu, akicheka peke yake. Nilimuuliza mama amesema nini.

"Anasema picha hii haina haja ya maelezo. Mtu yeyote akiiona hatauliza hawa ni watoto wa nani."

Mama naye alicheka. Mkono wake uliinuka kwa mazoea, ukafika shingoni, ukakaa hapo ukishika mkufu. Sitawadanganya kwamba tangu siku ile aliacha kabisa. Mbele ya wageni bado huziba mdomo. Lakini nakala aliyoibakiza aliitundika chumbani kwake, na Koko alipofariki aliileta sebuleni, ambako wageni wote huiona.

Mimi niliacha kumwiga, na wakati huo nilidhani hapo ndipo hadithi inapoishia. Nimekuja kuelewa sehemu iliyobaki baada ya kuwa na mtoto. Utoto wangu wote, mama hakuturuhusu kunywa maji mengine ila ya mvua. Alikuwa na tenki chini ya mifereji ya bati, alilifunga kwa kufuli, na wakati wa kiangazi alitupimia kikombe kwa kikombe. Tulipokwenda kwa Koko tulibeba dumu letu, nami nilikufa kwa aibu mbele ya binamu zangu waliokunywa ya pale pale. Niliamini mama amesoma, amehamia mjini, sasa anayadharau maji ya kwao. Koko hakuwahi kukasirika, na hilo pia sikulielewa. Yeye ndiye aliyetupokea lile dumu kila mara na kuliweka kivulini kwa mikono yake.

Walikuwa wameelewana, Koko na binti yake, bila kutueleza kwamba maji ya mvua hayana yale madini. Kicheko chake mwenyewe mama alikuwa amekubali kikae nyuma ya kiganja. Vyetu hakukubali.