Walipika ngano yetu ya msaada wapate mafuta ya mashine

Mwangaluka wakuu.

Kwa umri wangu nadhani wengi humu mtanipa shikamoo, nami naitikia marahaba kabisa. Ninayoandika niliyaona kwa macho yangu, sikusimuliwa. Na nina hasira, kwa hiyo mtanivumilia.

Juzi kuna mdau kafungua uzi hapa, eti tuache kuagiza petroli, tulime ngano, tuichachushe, tupate ethanoli ya kuendeshea magari. Kaweka na hesabu. Ngano kiasi hiki, mafuta kiasi hiki, faida hii hapa. Like kibao.

Mdogo wangu, hesabu hiyo naijua. Ilishakuja kijijini kwetu.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, kijiji kimoja njia ya Masumbwe, enzi hizo bado tuko Wilaya ya Kahama. Nilikuwa na mapacha, Kulwa na Doto, ndio kwanza wanajifunza kutembea. Baba yao alikwenda Geita kutafuta dhahabu na hatukujua kama yu hai au kafukiwa shimoni. Nilikuwa naishi na mama mkwe wangu.

Mwaka huo mvua ilikata mapema, mahindi yakakaukia shambani. Tukafika mahali tunakula nsansa, zile mboga za majani ya kukausha, bila ugali.

Ndipo ikaja ngano ya msaada.

Ilikuja punje, kwenye magunia, ikafungiwa ghala la kijiji. Amri kutoka juu ikasema igawiwe ikiwa unga. Sawa. Mashine ya kusaga tulikuwa nayo, ya petroli, fahari ya mwenyekiti wetu. Ila petroli haikuwepo. Mnaokumbuka miaka ile mnajua, hata magari ya wakubwa yalikuwa yanalala.

Mama mkwe akamfuata mwenyekiti ofisini. "Baba, tupe hivyo hivyo, tutatwanga."

Yule bwana akacheka. "Mama, kijiji chenye mashine kinarudije kwenye kinu? Wageni wakija watatuonaje?"

Yaani aibu yake ilikuwa kinu. Watoto wenye njaa hawakumpa aibu.

Akaja mtaalamu kutoka mkoani, kijana mtanashati, amesoma nje. Akasema tatizo dogo. Sehemu ya ngano tuipike iwe spiriti, spiriti iendeshe mashine, mashine isage ngano iliyobaki. Akaandika ubaoni, na kusema kweli pale ubaoni hesabu ilikuwa safi. Unatoa kidogo unapata kingi. Watu wakapiga makofi.

Akina mama waliokuwa wanakamatwa kila mara kwa kupika gongo wakaitwa, safari hii wapike kwa amri ya ofisi. Mapipa yakapangwa nyuma ya ofisi.

Sasa sikilizeni ambacho hakikuandikwa ubaoni.

Kuni hazikuandikwa. Tulizikata sisi, kwa matumbo matupu, mpaka tukaingia kwenye ngitili, malisho tuliyokuwa tumeyahifadhi kwa ajili ya ng'ombe.

Maji hayakuandikwa. Tulichota kisima cha mbali kila siku, mapipa yanywe.

Kimea hakikuandikwa. Ngano haichachuki vizuri bila kimea, kwa hiyo ule mtama kidogo tuliouficha wa mbegu nao ukakusanywa, ukaoteshwa uwe kimea.

Mgambo walinzi wa mapipa nao hawakuandikwa. Asubuhi unawakuta wanaimba.

Halafu spiriti ya kwanza ikatoka na maji mengi, injini ikakataa. Ikapikwa upya. Ikakataa tena. Mtaalamu akasema leteni gunia jingine, tumekaribia. Ghala likawa linapungua na hakuna aliyekula hata punje moja.

Kulwa akavimba miguu, kisha uso. Nikambeba mpaka zahanati ya misheni. Sista akamshika, akanitazama.

"Mama Kulwa, huyu anataka chakula tu."

Nikamwambia chakula kipo Sista, kinachachuka nyuma ya ofisi.

Akanipa maziwa ya unga aliyokuwa nayo, kidogo. Kulwa hakuyamaliza. Alifia mgongoni mwangu njiani kurudi, na mimi sikujua mpaka nilipofika nyumbani mama mkwe akamshusha.

Tukiwa kwenye matanga tukasikia mashine. Ilikohoa, ikashika. Watu wakanyanyuka msibani wakakimbia kwenda kuona, vigelegele huko. Ikasaga madebe mawili, ya kuwaonyesha wageni waliokuja kutoka wilayani. Mpira wa kabureta ukavimba kwa ile spiriti, ikazima. Ndiyo ikawa mwisho wake.

Mtaalamu akawaambia wageni jaribio limefanikiwa. Nilikuwepo, nimesimama na khanga yangu ya msiba.

Mama mkwe alikwenda nyumbani akarudi na kinu kichwani. Wanawake wengine wakafuata na michi yao. Tukavunja kufuli la ghala mchana kweupe, tukatwanga ngano iliyobaki pale pale mbele ya ofisi, na mgambo wakatutazama tu.

Jioni ile Doto alikula uji, akashiba, akalala.

Kumbe ngano inatwangika, wakuu. Ilikuwa inatwangika siku zote.

Kuanzia hapo watu wakaanza kuniita Mama Doto. Hakuna aliyeambiwa aniite hivyo. Walinihurumia tu.

Sipingi sayansi. Walio na ngano ya kuzidi na watoto walioshiba wachachushe wanavyotaka. Ila mtu akikuletea hesabu ya kugeuza chakula kuwa mafuta, muulize kuni nani anakata, maji nani anachota, na wakati mapipa yanachemka watoto wanakula nini. Akisema hayo ni mambo madogo, mfukuze.

Mliokuwa ukanda ule miaka hiyo, semeni mliyoyaona. Wenye hesabu zenu pia karibuni, nitazisoma zote. Na wewe uliyeandika ubaoni, kama u hai na unapita humu, usinijibu kwa faida na hasara. Nitajie tu jina la mwanangu, maana siku ile wala hukuuliza nani amekufa.