Swali Nililolipeleka Mgeta

Nilikwenda Mgeta kutafuta shahada ya uzamili. Sina sababu nyingine ya kujitetea nayo. Ilikuwa miaka ile viwanda vya Morogoro vikiuzwa kimoja baada ya kingine, watu wakipunguzwa kazi, nasi tuliosomea sera za jamii tukifundishwa kwamba serikali ikijitoa, jamii itabebana yenyewe. Mwalimu aliyenisimamia aliniambia, "Panda milimani ukaone wanavyobebana. Chora mtandao wao, nani anamtegemea nani." Nikaona ni kazi safi.

Jumatatu asubuhi nilipanda pikapu ya wachuuzi wa mboga pale Mlali, nikakaa juu ya matenga matupu. Barabara ilipanda ikijikunja, na kila kona baridi ilizidi. Matuta ya njegere na kabichi yalishuka miteremkoni hadi mtoni. Nilikuwa na furaha. Naiandika kwa sababu ilikuwepo.

Saa nane mchana nilifika kwa Mama Felista, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama, aliyekubali kunipokea.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Sogea motoni, utaganda."

Mzee mmoja mrefu alileta kuni, akanisalimu kwa upole, akaondoka. Mama Felista akanieleza kwamba huyo ni Mzee Lazaro, mtu wa Songea. Alikuwa fundi mitambo kiwandani mjini. Alipopunguzwa, akaja kuishi kijijini kwa mkewe. Mkewe amefariki, huu mwaka wa tatu, akamwachia mabinti wawili.

"Analima wapi?"

"Shamba la mkewe." Akapunguza sauti. "Kwetu ardhi ni ya ukoo wa mama. Watoto ni wa hapa. Yeye yupo tu."

Niliandika "yupo tu" kwenye daftari, nikageuza ukurasa.

Jumanne saa nne tulikutana katika ghala la ushirika, ambalo lilikuwa tupu tangu ushirika ulipokufa. Walikuja watu kama thelathini. Mzee Lazaro alivaa ovaroli yake ya kiwandani, imefuliwa. Nilibandika karatasi kubwa ukutani, nikaandika majina yao, kisha nikamtaka kila mmoja ataje watu watatu wa kwao: ambao wakipatwa na shida atakimbia kuwasaidia, na akipatwa yeye watakimbia kumsaidia. Kila jina lililotajwa nililichorea mshale kutoka kwa aliyelitaja.

Watu walicheka, wakataniana. Karatasi ikajaa. Mzee Lazaro aliwataja watatu bila kusita, wa kwanza akiwa Bwana Kobero, kaka mkubwa wa marehemu mkewe.

Tulipomaliza alisimama, akaikaribia karatasi, akaifuata kwa kidole. Alijua kusoma vizuri kuliko wengi mle ndani.

"Mwanangu," akasema, "mbona kwangu mishale inatoka tu? Hakuna unaoingia. Umesahau?"

Sikuwa nimesahau. Nikasema labda tuendelee na swali la pili.

"Hajasahau," alisema Bwana Kobero kutoka nyuma. Hakuwa na hasira. Alisema kama mtu anayejibu mtihani. "Umeuliza watu wetu. Huyu si wetu. Mwenzake katutoka, watoto ni wetu, shamba ni letu. Basi."

Mama Felista aliinamia khanga yake. Mzee Lazaro alirudi kukaa, akaweka mikono magotini, akabaki hadi mwisho wa kikao kwa adabu.

Jumatano asubuhi ukoo ulikaa. Lililokwisha kusemwa mbele ya watu halikurudishwa: shamba ligawiwe wapwa wa ukoo, mabinti wahamie kwa mjomba wao Kobero, Mzee Lazaro aondoke. Nilimkimbilia mwenyekiti wa kijiji, nikamsihi azuie.

"Nizuie nini?" aliniuliza. "Wewe umeuliza, wao wamejibu."

Alhamisi nilishuka na pikapu ileile, sasa imejaa kabichi, na Mzee Lazaro akiwa kando yangu na begi moja. Binti yake mdogo alitufuata mpaka kona ya kwanza.

"Nisamehe, mzee," nilimwambia.

"Ulikuwa kazini," akanijibu. Tulishukia Mlali. Nilimwuliza angefikia wapi mjini. Akasema ataulizia kiwandani, ingawa sote wawili tulijua kiwanda kilikuwa kimefungwa.

Nilirudi chuoni, nikaandika. Jopo lilisifu mchoro wangu; mmoja wao alisema hajawahi kuona kutengwa kukidhihirika wazi namna ile. Nilifaulu. Nilimtafuta Mzee Lazaro mjini, huko Msamvu na mitaa ya karibu na viwanda, miezi mingi. Sikumpata.

Niliyojifunza ni haya. Miaka mitatu alilima, akawapelekea watu kuni, akalea wanawe, kwa sababu hakuna aliyekuwa ameulizwa kama yeye ni mtu wao. Hilo ndilo lililokuwa likimweka pale, nami nilipanda mlima kwenda kuuliza.