Ndoa Iliyofungishwa na Karani

Mume wangu alijua, siku ileile ya harusi yetu, kwamba mtu aliyetufungisha ndoa hakuwa na ruhusa ya kufungisha. Mama yake alijua pia. Mimi sikujua. Wakaninyamazia, wakaniacha nijenge juu ya ndoa hiyo maisha mazima: watoto, kazi, uraia. Nyumba ilipoanguka, iliniangukia peke yangu.

Nilivuka mpaka nikiwa msichana, kuja kumuuguza shangazi. Shangazi alipopona sikurudi kwetu, maana nilikuwa nimeshapata kibarua cha kufua shuka za hospitali. Mume wangu ni fundi wa mafriji na mashine. Aliitwa kutengeneza mashine yetu ya kukaushia. Akaja leo, akaja kesho, akaja keshokutwa. Shoga yangu wa pale kazini, mwanamke mnene asiyejua kunong'ona, akamwambia mbele ya watu, "Fundi, mashine hiyo ni nzima. Sema unachotafuta."

Basi akasema, na mimi nikakubali.

Siku ya kufunga ndoa tulikwenda ofisini kwa msajili na wageni wetu wote. Msajili hakuwepo. Alikuwa amefiwa na mkwewe, na aliacha maneno kwamba atarudi jioni. Ukumbi tulikuwa tumeukodi, chakula kiko tayari, wageni wamejaa barazani wanajipepea. Mama mkwe wangu ni mtu asiyesubiri hata maji yachemke. Aliingia ndani na mwanawe, wakafunga mlango. Mimi nilibaki nje na shangazi, ananishikia gauni lisiguse vumbi. Nilimsikia mama mkwe akicheka huko ndani.

Tulipoitwa, nyuma ya meza alisimama karani, kijana mwembamba, amevaa koti la msajili lililokuwa likitundikwa nyuma ya mlango. Mikono ya koti ilimfunika mpaka vidole. Wageni wakaangua kicheko. Na mimi nikacheka. Nilidhani wote tunacheka urefu wa mikono.

Miaka iliyotakiwa ilipotimia, niliomba uraia kama mke wa raia. Nikala kiapo, nikarudisha pasipoti ya nchi niliyozaliwa, kwa sababu sheria haikuniruhusu kushika mbili. Hospitali ikaniajiri rasmi, kazi ambayo ni ya raia tu. Nilizaa, nikalea, nikafua. Mgongo wangu unajua nilivyofua.

Mambo yaliharibika nilipoomba pasipoti nikamwone dada yangu, ambaye alikuwa anaumwa. Afisa wa uhamiaji aliniita, akasimama kunipisha nipite, akafunga mlango. Ofisi zile hawafungi mlango kukupa habari njema.

"Mama, nani aliwafungisha ndoa?"

"Msajili."

"Msajili siku hiyo alikuwa msibani. Saini ni ya karani wake, na karani hakuwa na mamlaka. Kisheria, ndoa hiyo haipo."

"Imevunjwa?"

"Haikuvunjwa, mama. Haikuwahi kuwepo."

Nikamuuliza na watoto je. Akasema watoto ni raia kwa baba yao, hawaguswi. Mimi ndiye niliyepewa uraia kwa kuwa mke wa mtu, na kama sikuwa mke, sikustahili kupewa.

"Basi tutaoana tena kesho," nikamwambia. "Mume ninaye nyumbani, hajapotea."

Akatikisa kichwa. "Mkioana kesho, utakuwa mke kuanzia kesho. Utaanza kuhesabiwa upya kama aliyeshuka jana. Lakini sikiliza. Sheria inamwangalia mtu aliyeingizwa kwenye kosa bila kujua. Ukionyesha kwamba hukujua, unaweza kuachiwa uraia wako. Tafuta aliyekuwepo, anayejua kilichofanyika, aje aseme."

Karani alishafariki. Msajili alishafariki. Shangazi pia. Nilirudi nyumbani, nikawakuta mume wangu na mama yake mezani, nikawaeleza. Kabla sijamaliza, mama mkwe akaweka kijiko chini.

"Nilijua lile koti litatuletea balaa."

"Mama!" mume wangu akasema.

"Mama nini? Si wewe uliyempa karani chochote kidogo atuharakishie?"

Nilikaa. "Kwa hiyo mlijua?"

"Mke wangu, saini ile ilikuwa ya muda tu," akasema. "Tulipatana msajili akirudi, twende aweke saini yake, yaishe."

"Na hakurudi?"

Akaangalia sahani. "Alirudi. Sisi ndio hatukwenda. Si tulikuwa ukumbini tunacheza?"

"Na kesho yake? Na mwaka uliofuata? Siku nakula kiapo ulikuwa umekaa nyuma yangu unanipigia makofi!"

Nikamwomba aende kwa afisa akaseme hayo hayo aliyoniambia mimi. Akaruka kama aliyemwagiwa maji ya moto.

"Nikaseme nilihonga? Unataka nifungwe?"

"Na mimi nikifukuzwa?"

"Nani akufukuze? Uko kwako hapa."

Mama mkwe akadakia, "Mwanangu hafungwi kwa ajili ya karatasi ya mtu." Karatasi ya mtu! Mwanamke niliyemwogesha alipovunjika nyonga.

Siku kamati ya uraia iliposikiliza shauri langu, mume wangu alivaa shati ambalo nililinyoosha mwenyewe asubuhi. Walimuuliza nani alifungisha ndoa. "Sikumbuki." Alijua kwamba si msajili? "Sikumbuki, siku ya harusi mtu anakumbuka nini?" Mama mkwe ndiye aliyenichosha zaidi. Alikumbuka kwamba wifi yangu alivaa viatu vya kuazima, akakumbuka nyama iliisha kabla ya wageni kwisha. Alipoulizwa nani alisimama nyuma ya meza, akashika kichwa. "Uzee huu, wanangu."

Zamu yangu ilipofika nilisema kila kitu, na koti nikalisema. Mmoja wa wale waliokaa mbele akainua macho.

"Kwa hiyo uliona kwamba koti si lake?"

"Niliona. Lakini sikujua maana yake."

Waliandika kwamba niliona.

Cheti changu cha uraia kikachukuliwa. Nchi niliyozaliwa, nilipoiandikia, ilijibu kwamba iliniondoa kwenye uraia siku niliyorudisha pasipoti yao. Huku si raia, kule si raia. Hospitali nayo haikuwa na la kufanya. Siku yangu ya mwisho tulikunja shuka na shoga yangu kama kawaida, yeye ncha zake, mimi ncha zangu, tunakutana katikati. Akanitania, "We mgeni, vuta vizuri, usituharibie shuka za serikali." Kisha akajifuta uso kwa ileile shuka, ikabidi tuirudishe kufuliwa.

Sasa naishi kwa kibali. Kibali kinataka mwenyeji, na mwenyeji wangu ni binti yangu mkubwa. Mtoto niliyemzaa chumba cha nyuma cha nyumba hii ndiye anayeeleza serikali kwamba atanitunza nisiwe mzigo. Alipokuwa anajaza fomu, machozi yalimdondoka. Nikamwambia, "Andika, mwanangu. Na useme sili sana."

Mume wangu yupo. Analala chumba cha mbele, na njaa ikimuuma bado ananiita mke wangu. Mwezi uliopita alikuja jikoni amechangamka.

"Nimeshamwona msajili mwenyewe. Safari hii tukafunge ndoa kihalali, mke wangu, tuondoe aibu."

"Aibu ya nani?"

"Yetu sote."

"Nenda kwanza kwa afisa ukaseme ulichofanya. Ukirudi tutaongea harusi."

Akajikuna shingo, akasema ana friji ya mtu inamsubiri. Na afisa alishamwita akamhakikishia kwamba hongo ile niliyoisema ni ya zamani mno, hakuna wa kumfunga. Kwa hiyo si jela anayoiogopa tena. Anaogopa watu wajue.

Kuolewa upya na mtu huyu, nianze kuhesabiwa siku kwa hisani yake, siwezi. Nimechoka, na kuchoka kwangu hakuishi kwa kulala.

Rufaa yangu iko wazi mpaka mwisho wa mwaka. Ofisi ya ndoa inanidai mimi maelezo, wakati karani alikuwa wao, meza yao, muhuri wao. Wao ndio wanaodaiwa, na barua zangu hawajazijibu. Mama mkwe ninamdai kumbukumbu yake, ambayo kwa mengine yote ni nzima. Mume wangu ninamdai asubuhi moja tu mbele ya afisa, aseme kwamba yeye alijua na mimi sikujua. Hajaenda.