Panzi Aliyetaga Kaburini kwa Mama

Tarehe kumi na nne Machi tulimpoteza mama. Tulimzika kwenye kona ya shamba, nje kidogo ya mji wa Kwanza, pale mahindi yanapoishia na nyasi za ng'ombe zinapoanza. Dada yangu mkubwa, ambaye ameolewa Bungoma, alisema tutalijengea kaburi kwa simiti na vigae. Mimi ni mtu wa kukaa kimya.

Kila asubuhi nilikwenda pale na kikombe changu cha chai, na kwa kuwa sikuwa na wa kuongea naye, nikaanza kutazama panzi. Asubuhi huku ni baridi, na panzi hawawezi kuruka. Wanapanda kwenye jani, wanageuzia jua ubavu, wanangoja. Ukisogea, wanazunguka shina na kujificha upande wa pili, kama watoto nyuma ya mlango. Jua likipanda, madume wanaanza kusugua miguu kwenye mabawa, na kona nzima inalia.

Siku moja mwezi wa nne nikamkuta jike mkubwa wa kahawia juu ya udongo wa kaburi, mkia umezama ardhini. Nikadhani amenaswa. Nilikuwa nimeshamshika mabawa nimvute, mama mmoja jirani, aliyekuwa akikata nyasi, akanizuia.

"Mwache, bana. Anataga."

Akanieleza kwamba panzi wa aina hii hutafuta udongo mtupu na laini, na kwingine kote nyasi zilikuwa zimesongamana. Tukachuchumaa wote wawili. Panzi alipochomoa tumbo, lilikuwa limerefuka ajabu, na povu likabaki kwenye mdomo wa kishimo. Akapapasa udongo kwa miguu ya nyuma, akafunika. Tangu mazishi sikuwa na kitu cha kungojea, na sasa nilikuwa nacho.

Sitadanganya: sikufikiri kwamba ni mama amerudi. Nilitaka tu kuwaona wakitoka.

Ndipo dada akapiga simu kwamba amepata fundi kutoka Kimilili na wanakuja Jumamosi. Simiti ikimwagwa, hakuna kitakachotoka. Nikamwambia ukweli wote. Alicheka kwanza, kisha akakasirika.

"Ati mama alale kwa matope, tukingojea panzi wazaliwe? Na wakila mahindi utasema nini?"

Nikamweleza kwamba hawa si wale nzige wa kuja kwa makundi. Kila mmoja hukaa kivyake kwenye nyasi, na nyasi ndizo chakula chake. Kama mayai yangeanguliwa au la, sikujua, na hilo pia nilimwambia. Mwishowe akanipa mpaka mwisho wa Mei. Baada ya hapo hakutaka kusikia habari ya wadudu.

Mvua ikanyesha, jua likawaka, na hakuna kilichotoka. Nilikuwa nikiinama mpaka pua inakaribia udongo. Mama jirani akinipita ananiuliza kama na mimi nimetaga.

Jumamosi ya mwisho, pikapu ikafika na simiti, mchanga, fundi na dada. Nilikuwa nimekubali yaishe. Usiku ilikuwa imenyesha, na sasa jua lilikuwa kali. Fundi alikuwa akishusha mchanga nilipoona udongo ukitikisika. Kitu cheupe, chembamba kama mnyoo, kikajisukuma nje, kikavua ngozi palepale, kikawa panzi mdogo kama punje ya mchele, na macho yake na miguu yake. Halafu mwingine. Halafu wakawa wanabubujika.

Nikamwita dada kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Fundi akaangusha koleo.

Dada akapiga magoti na gauni lake zuri. Watoto wale wakaanza kugeuka kahawia tukiwatazama, na mmoja akaruka, akatua mkononi mwake. Hakumpangusa.

"Fundi, ngoja," akasema. "Hawa waende kwanza."

Fundi akauliza wataenda lini. Hatukujua. Akaketi juu ya mfuko wa simiti, akafungua redio ya simu yake. Kufikia saa sita wengi walikuwa wamerukia kwenye nyasi. Dada akafungua leso kiunoni, akawapungia waliobaki, polepole, mpaka udongo ukawa mtupu. Kisha akaenda kisimani, akamletea fundi maji ya kukorogea simiti.