Chagua Kwanza, Panga Baadaye

Wifi yangu ana kichwa kigumu, na mimi ulimi wangu hauna breki, lakini tunapendana. Ndiye anayetunza kompyuta ya benki ya damu pale hospitali. Chumba chake kina ubaridi wa ndani ya mtungi, pazia la kijani, na feni inayozunguka taratibu mpaka unasahau ulichokuja kusema. Kila mchangiaji ana mstari wake mle: jina, kundi la damu, simu.

Kaka yangu, mumewe, alikuwa na kundi adimu. Alipofariki, wifi hakumwondoa. Hakuwaondoa marehemu wengine pia, maana angewatoa hao, wake angembakiza kwa kisingizio gani? Mchana kukiwa kimya alitafuta kundi lile, akasubiri, mpaka jina la mumewe likaja polepole kwenye kioo. Akatabasamu. Nilimwona, nikanyamaza, mimi nisiyejua kunyamaza.

Siku binti yangu alipojifungua, damu ilimtoka isikatike. Kundi lake ni lile lile la mjomba wake. Nikakimbilia kwa wifi, viatu mkononi. Akatafuta. Kompyuta ikazunguka, ikazunguka tu. Nikamfokea, inafanya nini hiyo? Akanijibu kwa sauti ya mtu aliye usingizini kwamba inawapanga kwanza watu wote kwa majina, wazima na marehemu, ndipo ichague kundi. Jamani! Mtu anataka kijiko kimoja, wewe unapanga vyombo vya nyumba nzima?

Majibu yalipokuja, simu ya kwanza ilipokelewa na mjane. Ya pili, yatima. Maji yalinifika shingoni.

Agizo la kuirekebisha kompyuta wifi alishaliandika zamani: watenge wote waliomo kwenye rejista ya vifo, chagua kundi kwanza, majina yapangwe mwisho. Alikuwa hajathubutu kulibonyeza. Sasa kidole chake kilibaki hewani, na mimi nilijua kinamgojea nani.

"Wifi," nikamwambia, "kaka angekuwa hai, saa hizi angeshanyoosha mkono."

Akabonyeza.

Majina yakaja papo hapo, machache, yote ya watu wanaopumua. Dereva mmoja wa lori akapokea, akasema anageuza gari.

Binti yangu yuko nyumbani, ananyonyesha. Wifi bado hutafuta kundi lile mchana, kwa mazoea. Anasema siku hizi kompyuta inajibu upesi mno, hata hapati nafasi ya kumsubiri.